Kumwambia Hatarudi

Binti yangu alikuja kwangu kutibiwa, akafia mikononi mwangu. Ni miezi mitatu sasa, na mwanawe wa miaka mitano, aliyebaki ng'ambo na baba yake, hajaambiwa.

"Mama, mwambie wewe Jumapili," mkwe wangu alinibembeleza kwenye simu. "Mimi nimeshindwa."

Mwanamume mzima. Nilimsonya, kisha nikakubali. Ila mtoto anajua Kihispania tu. Kiswahili wazazi wake walikiweka cha kugombana wao kwa wao.

Nikamwendea mteja wangu, mwongoza watalii mstaafu anayejua Kihispania, ambaye kila akikonda mimi ndiye nampunguzia suruali. Nilitaka anifundishe kusema "amekufa". Akakataa, akasema neno hilo kwa mtoto mdogo ni zito mno.

"Mwambie hatarudi. Na kitenzi cha wakati ujao ni rahisi, hukati kitambaa. Unachukua neno zima, unaliongezea pindo."

Nikaandika kwa chaki kwenye bitana nyeusi: volver, kurudi. Volveré, nitarudi. Volverás, utarudi. Volverá, atarudi. Volveremos, tutarudi. Volveréis, mtarudi. Volverán, watarudi. Ukitaka kukana, unatanguliza no, basi. No volverá. Hatarudi.

Wiki nzima nilishona huku nayatafuna maneno hayo. Kola moja niliifumua mara mbili. Mwenye shati akauliza kama nimepandwa na mashetani, nikamwambia ndiyo, aje kesho. Nilikuwa nimechoka, jamani. Mama gani anakaa chini kusomea namna ya kutangaza msiba wa mwanawe?

Jumapili simu ikaita. Mkwe wangu akamkabidhi mtoto simu, akakimbilia jikoni kujificha. Uso wa mjukuu wangu ukajaa kwenye kioo cha simu, kapengo mbele. Kabla sijafungua mdomo, akauliza.

"¿Mamá volverá?"

Nilimwelewa, na hapo ndipo nilipokwisha. Lile no lilikuwa tayari mdomoni, nimelikariri mpaka usingizini. Mtoto akalaza sikio kwenye simu, akatulia kusikiliza.

"Volverá," nikasema.

Akabusu kioo, akaiacha simu mezani. Nikabaki naangalia dari la nyumba yao. Baadaye mkwe wangu akatokea, macho mekundu.

"Umemwambia, mama?"

"Nimemwambia."

Akashusha pumzi. "Ahsante, mama. Umenitua mzigo."