Maria Hataki Kula

Tangu Padre Ippazio aanzishe darasa la mafundisho ya Wakristo wa kwanza, Donata hakuwa tena na mume ndani ya nyumba. Alikuwa na mtume. Oronzo alifunga Jumatano na Ijumaa, akagawa koti lake jipya, na akiambiwa akatoe takataka alianza kueleza mambo ya karne ya kwanza. Donata alivumilia. Lakini kumwalika Dora kwenye meza ya Mtakatifu Yosefu, hilo lilimfika kooni.

"Miaka sita sisemi na dada yangu, wewe unamleta awe Maria?"

"Kwa Wakristo wa kwanza, mwenye ugomvi hakukaribia sadaka mpaka apatane na mwenzake."

"Basi waje wao wapike!"

Hata hivyo, Donata alikuwa jikoni siku tatu. Meza hiyo ilikuwa karamu ya nadhiri: binti yake Ilaria alinusurika kwenye uzazi, yeye na kichanga chake. Na sharti kila mtu kijijini alilijua. Watu waliochaguliwa kuigiza watakatifu, kama Yosefu na Maria, ndio huonja kwanza, mwenye nyumba akiwapakulia kwa mikono yake. Mmoja wao tu asipokula, nadhiri haijatimia, upike usipike.

Saa sita mchana majirani walijazana sebuleni. Vito, mstaafu wa posta, ambaye ndiye aliyekuwa Yosefu, akagonga sahani kwa fimbo yake kuashiria chakula kianze. Donata akampakulia Vito, kisha dada yake, tambi kwa dengu bila kumtazama usoni. Vito akala. Dora akakunja mikono.

"Kula," Donata alinong'ona.

"Sili."

"Dora, usinifanyie vituko mbele za watu!"

"Hata mimi nasoma kwa Padre Ippazio," Dora akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Niambie kwanza kwa nini uliniita mama akiwa ameshakufa."

Jamani, kijiji kizima kimegeuka watakatifu, amebaki yeye tu? Donata alimtafuta Oronzo kwa macho. Bwana huyo alikuwa akichunguza dari. Akamtazama Ilaria, amemkumbatia mtoto kifuani, macho kwenye sahani isiyoguswa.

"Nilikuwa na shughuli," Donata akasema.

Dora akaisukuma sahani mbele kidogo.

"Simu ilikuwa mbovu."

Sahani ikasogea tena.

"Haya!" Donata akafoka, machozi ya hasira yakimtoka. "Alikuwa anakuita wewe! Miezi miwili namwosha, namlisha, namgeuza kitandani, na yeye ni Dora, Dora, Dora. Nikasema basi, huyo Dora asije. Nilitaka walau mara moja aniite mimi."

Dora akamgeukia mdogo wake.

"Akakuita?"

"Hakuniita."

Dora akaivuta sahani, akachukua uma. Tambi zilikuwa zimeshapoa, lakini alizila zote, machozi yakimdondokea humo humo, na Donata akasimama kando yake, akingoja kumpakulia tena.