Picha ya Kabla

Dada yangu hachukui kopo la maji kabla hajachovya kiwiko chake kwenye beseni. Viganja vyake, anasema, vimezoea moto, haviaminiki. Asubuhi hiyo tulikuwa chumbani kwa Mwalimu mstaafu, bibi ambaye kiharusi kilimlaza kitandani na kumwachia ulimi wake wote. Tulikuwa tumetandika mpira chini ya mabega yake, na nywele zake zilikuwa zimefumuliwa na kuchanwa. Mimi nilikuwa nimeishika shingo yake kwa mikono miwili. Dada akainua kopo la kwanza, mara mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Hapo hapo! Usimwage!"

Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, ndani ya fulana ya manjano iliyoandikwa MKURUGENZI kifuani, kana kwamba bila maandishi angeweza kusahau.

"Marahaba," alisema Mwalimu, ingawa hakuna aliyemwamkia.

Kazi ya dada ni kuosha na kusuka nywele za watu wasioweza kutoka kitandani. Alianza na mama mkwe wa jirani, sifa zikaenda, na simu ikawa haitulii. Lakini kichwa cha mgonjwa hakioshwi na mtu mmoja: mmoja ashike shingo, mwingine amwage maji. Mshikaji nilikuwa mimi, na chuo kilikuwa kinakaribia kufunguliwa. Ndipo dada akamwomba mumewe amsaidie kuikuza kazi.

Bahati mbaya alitumia neno hilo, kuikuza. Shemeji akaenda semina ya wajasiriamali kwenye ukumbi wa hoteli, akala chakula cha mchana cha bure, akarudi mkurugenzi. Tangu siku hiyo hajawahi kushika kopo. Alichapisha kadi ambazo cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko namba ya simu. Akatutungia salamu ya kutamka mlangoni, "Karibu kwenye ulimwengu wa urembo wako!" Yaani tuingie nyumbani kwa mtu, halafu tumkaribishe yeye. Kila aliyepiga simu aliahidiwa kwamba tungefika saa hiyo hiyo, wakati mikono ilikuwa ile ile minne, na miwili kati ya hiyo ilishaanza kufunga mizigo. Mama mmoja aliyevunjika nyonga alitusubiri tangu asubuhi hadi jua likazama, nywele zimefumuliwa, kichwa kinamwasha. Dada alikwenda kumwomba radhi karibu apige magoti. Shemeji yeye aliita jambo hilo changamoto za soko, akaenda kulala.

Sasa alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda, simu mkononi.

"Nataka picha mbili tu, mama watoto. Kabla na baada. Siku hizi bila picha huna biashara, una kibarua." Akainama, akatazama skrini, akakunja uso. "Mbona nywele zake nzuri hivi? Hii kabla inafanana na baada!"

"Ndivyo ninavyomtunza," dada alisema polepole.

"Basi unaniharibia tangazo."

Akanyoosha mkono, akazivuruga zile nywele nyeupe, huku na huku, kama mtu anayetafuta funguo chini ya mto. Akarudi nyuma kuangalia kazi yake. Ilimpendeza.

"Kijana," alisema Mwalimu, "nimesahihisha madaftari tangu wewe hujazaliwa. Sijawahi kumchafulia mtoto daftari ili nipate cha kusahihisha."

"Ni biashara tu, bibi. Jaribu kuonekana una huzuni. Tabasamu tutaliweka kwenye ile ya baada."

Upande mmoja wa mdomo wa Mwalimu hautabasamu tena. Kila anayeingia chumba kile huliona hilo kabla hajavuka kizingiti. Niliihisi shingo yake ikikaza mikononi mwangu, na machozi yalinilenga kwa hasira. Shemeji akapiga picha. Akapiga nyingine, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli chake.

Mwalimu hakumtazama tena. Alimgeukia dada.

"Mwanangu, huyu mdogo wako akienda chuo, nani atakuja hapa na wewe? Huyu?"

Dada alilitazama kopo lililokuwa bado mkononi mwake.

"Nakuuliza kwa sababu kama ni huyu, lete mkasi uninyoe leo. Zote. Bora nibaki na kipara changu kuliko kuguswa hivi tena."

"Wateja wasumbufu hawa," shemeji alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu, "semina walituambia tuwaache waende. Wapo wengi, mke wangu. Mimi nakukuzia kampuni."

Dada alirudisha kopo kwenye beseni. Alichukua kitana, akazilaza nywele za Mwalimu, upande huu, kisha ule, bila haraka, mpaka zikarudi zilivyokuwa. Nilidhani angenyamaza, kama alivyonyamazia kadi, salamu na fulana.

"Baba watoto," alisema, bado anachana, "futa hizo picha. Nilipokuomba unisaidie kuikuza kazi hii, sikuomba mkurugenzi. Nilitaka mtu wa kushika shingo. Basi. Na wewe hata shingo ya mgonjwa sikupi tena."