Moshi Wenye Alama

Jumatatu asubuhi, kando ya laga ya Tarach, mto wa msimu huko Kakuma, Apua alikuwa akipuliza kuni mbichi chini ya sufuria ya chai, moshi ulipotoka ukiwa na alama ya ukoo wake ubavuni. Ilikuwa alama ileile waliyochomwa mbuzi wake: mstari mmoja na nusu duara. Apua aliitazama, akaona imepigwa vizuri, akaongeza majani ya chai.

Kufikia saa nne kila moshi mjini ulikuwa na alama. Na kwa kuwa mfugo wenye alama hautembei ovyo, moshi uliacha kupanda juu, ukawa unamfuata mwenyewe. Njenga mwenye hoteli hakuwa na alama ya ukoo, kwa hiyo wake ulichorwa chapati. Shemasi Lokiru alikuwa amechoma mifuko ya plastiki nyuma ya nyumba. Moshi wake, mweusi na mkaidi, ulimfuata hadi kanisani ukaketi upande wa besi. Mchungaji aliomba kwaya isogee kidogo.

Mji ulicheka wiki nzima. Kisha watu wakaona haya, na haya ilifanya kazi ambayo semina kumi hazikuifanya. Kuni zilianikwa hadi zikakauka kabisa, kwa sababu kuni kavu huzaa moshi mdogo, usiofika hata magotini. Mafiga yalitolewa ndani ya nyumba yakawekwa uani. Wenye koroboi walitafuta taa za sola. Shemasi naye aliacha kuchoma plastiki. Aliikusanya kwenye gunia, akaipeleka jalalani, akarudi nyumbani akiimba pambio.

Jalala lenyewe lilikuwa ng'ambo ya ua wa Apua, na lilichomwa kila jioni. Nakiru, binti yake wa miaka minne, kifua kilikuwa kikimlia filimbi tangu Krismasi. Muuguzi alikuwa amesema dawa ipo, lakini mtoto aondolewe kwenye moshi. Apua hakuwa na pa kumpeleka. Alichokuwa nacho ni fimbo.

Moshi wa jalala ulikuwa mkubwa kama ngamia ishirini waliosimama pamoja, na alama yake ilisomeka kutoka barabarani. Kiberiti kiliwashwa na kibarua, lakini alama ilikuwa ya ukoo wa Aukot, meneja wa kampuni ya kuzoa taka, ambaye ofisi yake iko Lodwar.

“Hii imepotea,” alisema Athian, jirani kutoka kambi ya wakimbizi, aliyekulia kwenye zizi la ng'ombe kwao Bor. “Turudishe kwa mwenyewe.”

Wakamwacha Nakiru nyumbani na shangazi yake, wakauswaga moshi hadi Lodwar kwa siku tatu. Njiani ulikuwa mtulivu, ila kila ulipoona lori la makaa ulitaka kusalimia. Askari wa kizuizi cha barabarani walihesabu kichwa kimoja cha mfugo wakainua chuma. Siku ya pili shangazi alipiga simu: mtoto amelala usiku kucha, kifua kimya. Apua alicheza katikati ya barabara kwa fimbo juu, Athian akampigia makofi, na moshi ukarukaruka pia. Apua hakuwa amefurahi hivyo tangu harusi yake.

Aukot alitoka ofisini, ambako madirisha yalikuwa yamefungwa na kiyoyozi kikinguruma.

“Ejok,” alimsalimu Apua.

“Ejok. Hii moshi ni yako.”

Aukot aliuzunguka, akainama, akakagua alama. “Ni yangu, sikatai. Imekuwa ikikula wapi?”

“Kwa kifua ya mtoto yangu.”

“Basi huko iko malisho. Mama, sasa ni kiangazi. Ulisikia wapi mnyama ya mtu amekatazwa malisho wakati wa kiangazi?”

Apua hakuwa amesikia. Alikasirika, akaigongesha fimbo chini. Kwao mbuzi wa jirani hawakuwahi kufukuzwa kwenye nyasi, na desturi hizohizo za mifugo ndizo zilizomleta hadi pale.

Kisha, kwa kuwa anayerudisha mnyama haondoki mikono mitupu, Aukot alimkatia Apua ndama: moshi mdogo, wa kijivu, mnyenyekevu. Alikuwa mkarimu kwelikweli. Karani wake aliwapiga picha wote wanne, watu watatu na ndama.

Walipofika Kakuma, moshi mkubwa ulikuwa umewatangulia kwa njia ya mkato, umelala juu ya nyumba. Jalala lilichomwa saa kumi na mbili, na lori la kampuni likamwaga gunia lingine la plastiki. Majirani waliuangalia moshi, wakaitambua alama, wakamtakia Aukot maisha marefu, kama anavyotakiwa mwenye mfugo mkubwa.

Nakiru alikuwa mlangoni, kifua kikilia. Alipouona ule mdogo ukichungulia nyuma ya mama yake, alicheka, akakohoa, akacheka tena. Akautia mkono shingoni.

“Hii ni ya nani?”

“Yetu,” alisema Apua, akauingiza ndani.