Alama ya Paji la Uso

Ijumaa ndiyo siku ya kusafisha vioo katika mtaa ule wa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, na hakuna aliyemfikia Sjoukje. Maji ya moto, siki kidogo, halafu kitambaa kikavu, mpaka mlango wa nyuma, ambao ulikuwa kioo kitupu toka juu hadi chini, ukaonekana kama haupo. Ndivyo mumewe, Douwe, ambaye akili zilikuwa zimeanza kumpotea, alivyoupitia akidhani ni hewa. Kioo kile cha zamani kilipasuka mapande makali kama visu. Akashonwa mkono. Na nje ya mlango, hatua chache tu, kuna mfereji wenye kina.

Fundi vioo, Eelke, alikuja na vipande viwili vya kioo vya mfano, akaviweka mezani kando ya kahawa.

"Hiki kimekazwa kwa moto, mama. Ni kigumu, lakini kikivunjika kinamwagika chote, chembechembe kama sukari. Mlango unabaki wazi."

"Na mfereji je?"

"Ndiyo hapo sasa. Hiki kingine ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando katikati. Kinaweza kupasuka, ila hakibanduki mahali pake."

"Basi hicho."

"Na tubandike mstari mweupe usawa wa macho, mzee auone."

"Mstari! Majirani waseme nimefungua duka la samaki?"

"Kioo kitamzuia asitoke, mama. Hakitamzuia asijigonge."

Sjoukje akamsogezea biskuti, maneno yakaishia hapo.

Ijumaa iliyofuata alikisugua kioo kipya kwa fahari. Alikuwa jikoni anakamua kitambaa aliposikia kishindo. Kioo kilikuwa kizima. Douwe alikuwa ameketi sakafuni, nundu inavimba.

"Nani ameifunga hewa?" aliuliza.

Sjoukje akapiga magoti kando yake. Alimkanda kwa maji baridi.

Jioni jirani yake, Tjitske, akachungulia toka bustanini.

"We Sjoukje! Kioo chako kina doa la mafuta. Umezeeka au umechoka? Lete kitambaa nikufutie."

"Usiguse!"

Maana Douwe alikuwa anakuja, kofia kichwani, moja kwa moja mlangoni. Akafika penye doa, alama ya paji la uso wake mwenyewe, mikunjo na yote. Akasimama, akalikazia macho.

"Kuna mtu hapo," akanong'ona, akageuka polepole kurudi kitini.

Tjitske akarudi kwake. Ijumaa zikaja, zikapita, na vioo vyote vya nyumba ile viling'aa, isipokuwa kimoja.