Waya Mweusi Nyumbani kwa Bi Zena

Umeme wa Rumonge ulikatika asubuhi ile Agata akiwa juu ya stuli, kichwa ndani ya kisanduku cha umeme na bisibisi katikati ya meno. Hakujali. Alishusha swichi kuu kama alivyofunzwa, akaendelea na kazi kwa mwanga wa dirishani. Chini yake oveni mpya iling'aa katika jiko lililozoea makaa, na Bi Zena aliizunguka kwa woga na furaha. Kesho bintiye Nafisa anaolewa. Mikate ya harusi ilikuwa itoke humo, na unga ulikuwa umeshaanza kuumuka kwenye beseni.

Agata alizaliwa Kigoma, wazazi wake wakiwa uhamishoni, na ufundi aliupatia huko. Tangu arudi Rumonge kwa wazazi wake, watu wa mjini walimwita “yule wa Tanzania”, tena mwanamke, kwa hiyo alijizoeza kufanya kazi bila kusita mbele ya macho ya mtu. Fundi anayejikuna kichwa hapati kazi ya pili. Leo pia mikono yake ilikwenda mbio. Alivuta waya mnene wa oveni peke yake, mbali na soketi za nyumba, akaupa swichi yake. Kutoka kwenye mita ziliingia nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nyekundu huleta moto, nyeusi huurudisha. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Nyumba haikuwa na waya wa ardhi, ule wa kupeleka udongoni umeme uliovuja, basi akafanya kama mwalimu wake alivyofanya miaka yote: akaunganisha bati la oveni na ule mweusi.

Mara vigelegele vikapigwa mtaani. Umeme umerudi. Ramazani, mume wa Bi Zena, hakusubiri. Alinyoosha mkono kwenye swichi kuu.

“Hapana washa, baba,” Agata alisema. “Nipime kwanza.”

Aligusa waya mwekundu unaotoka kwenye mita kwa bisibisi yake ya kupimia. Kitaa chake, kinachowaka kikikuta umeme, hakikuwaka. Akagusa mweusi, kikawaka.

Alielewa papo hapo. Aliyefunga umeme wa nyumba hii alifuata desturi ya Wabelgiji waliowahi kutawala nchi hii, na kwake moto ulipita kwenye mweusi. Kama Ramazani angepandisha swichi ile, bati lote la oveni lingekuwa na umeme, hata kama oveni yenyewe imezimwa. Na Bi Zena alikuwa ameshika kitambaa kibichi, akingoja kuifuta.

Njia rahisi ilikuwepo. Angegeuza nyaya mbili zile kimyakimya, oveni ingewaka, wangemshukuru, naye angekwenda zake. Lakini lile bati lingebaki limefungwa kwenye waya uleule, na siku fundi mwingine akigusa mita na kuzigeuza tena, Bi Zena angekufa akiwa na unga mikononi. Agata alishuka kwenye stuli. Aliona aibu, aibu ya kweli, na aliona pia kwamba ameibeba sura ya mtu asiyekosea kwa muda mrefu mno.

“Mama, kosa iko yangu,” alisema. “Nimeamini rangi ya kule nilikojifunzia. Mungewasha, ingekupiga. Nataka nifungue yote, nichimbie chuma mu udongo, nianze upya.”

Ramazani alicheka kwa uchungu. Alikuwa amesema tangu mwanzo watafute fundi wa hapa, akakumbusha, na sasa wageni wako njiani kutoka Bujumbura. Bi Zena alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha alilifunika beseni, akauliza chuma kinahitaji shimo la namna gani.

Walilichimba nyuma ya jiko, mahali ambapo udongo hauishiwi unyevu kwa sababu ya ziwa lililo karibu. Agata alikigongelea chuma mpaka mikono ikamchubuka, akaleta waya wa kijani mpaka kwenye bati, akauondoa ule mweusi, akaweka kila kitu mahali pake. Alipima, akarudia kupima, safari hii bila haraka na bila kujali nani anamtazama.

Alasiri swichi kuu ilipanda, kisha ya oveni. Taa ndogo ikawaka. Ramazani alijisogeza mlangoni. Agata alipima bati, kitaa hakikuwaka, akainua mkono ili aliguse yeye wa kwanza. Kosa lilikuwa lake, na haki hiyo pia ilikuwa yake.

Bi Zena alimtangulia. Alikuwa ametoka kunawa. Aliulaza mkono wake wote, ungali unachuruzika maji, juu ya bati, akauacha hapo huku akimtazama Agata usoni.

“Iko baridi bado, mwanangu,” alisema. “Itapata moto saa ngapi?”