Chama cha Gia Moja na Mlima Wake

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, Fundi wa baiskeli alikuwa amepiga magoti karakanani kwake, aking'oa gia kumi na moja za nyuma kwenye baiskeli ya milimani ambayo bado ilikuwa inanukia upya wa dukani. Mwenyewe, Mkurugenzi wa kampuni ya bima, alisimama pembeni na kofia yake ngumu kifuani, kama mtu anayemsubiri jamaa atoke chumba cha upasuaji. Fundi alizifuta gia kwa kitambaa, akazitia kwenye kopo la rangi lililokuwa karibu kujaa. Mwezi huo alikuwa ameshang'oa za daktari wa meno, za wakili, na za mke wa wakili, ambaye aliona mumewe amepungua tumbo naye akakata shauri.

"Zote?" Fundi aliuliza. Alipenda kuwa na uhakika.

"Zote. Bakisha moja tu."

"Na mlima mtaupandaje, bosi?"

Mkurugenzi alikuwa akilisubiri swali hilo tangu aingie. Alieleza kwamba ofisini mtu anachagua kutwa nzima: asaini au asisaini, amfukuze nani, ambakishe nani. Ukienda porini na gia nyingi, unaendelea kuchagua, kidole hakitulii. Lakini ukiwa na moja, mambo yamekwisha. Mlima ukija unasimama juu ya pedeli unasukuma, mteremko ukija unaiachia baiskeli iende. Mnyororo haurukiruki. Unasikia majani, unasikia pumzi zako mwenyewe. "Ni kama kurudi utotoni," alisema, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa anasema kweli, na Fundi aliliona hilo, akabadilisha spana.

Hapo akaingia Mama Maziwa akikokota baiskeli iliyokatika pini ya pedeli. Ilikuwa baiskeli nyeusi, nzito, ya marehemu mumewe, yenye keria ya chuma cha kuchomelea na madumu mawili yaliyofungwa kwa mipira ya tairi kuukuu. Ilikuwa na gia moja kwa sababu ndivyo ilivyotoka kiwandani. Kila mwaka alimwambia Fundi kwamba Mungu akijalia atatia gia, hata tatu tu, na kila mwaka Fundi alimjibu kuwa inshallah.

Mkurugenzi aliizunguka baiskeli ile mara mbili.

"Mama, una gia moja."

"Ndiyo niliyonayo, baba."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa ishirini na mbili huu."

Mkurugenzi akavua miwani. "Sisi tumeanza mwezi uliopita," alikiri. "Nani alikufundisha?"

Mama Maziwa alimtazama Fundi, Fundi akaitazama spana. Kabla pini haijakaa sawa, Mama Maziwa alikuwa ameshaalikwa kuendesha na Chama cha Gia Moja Jumamosi, kama mgeni wa heshima, kwenye njia ya mlimani ambayo chama kilikuwa kimeikodi kutoka halmashauri. Alisema hakuna taabu. Njia hiyo alipita kila siku.

Na alipita kweli. Alikaa upande wa pili wa mlima. Kila alfajiri alikusanya maziwa kwa majirani wafugaji, akavuka mlima, na kabla ya saa moja yalikuwa jikoni kwa Muuguzi wa zahanati ya watoto, yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe. Kwa mlimani ilikuwa dakika ishirini. Kwa barabarani ilikuwa saa moja na nusu ya mashimo matupu, na maziwa yangefika yamekatika. Kwa madumu hayo mawili alikuwa amesomesha watoto wawili, na kitindamimba alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni. Hakuwa na kingine.

Mlima ulikuwa shemeji yake. Mumewe alikuwa akiupanda akiikokota baiskeli, wakitaniana na mlima na kuitana kaka, ingawa hakuwahi kuuomba msaada, maana alikuwa mwanamume. Alipofariki, Mama Maziwa alikuwa na mimba ya miezi minane ya huyo kitindamimba. Siku ya kwanza alipofika chini ya mlima na madumu yamejaa, miguu ilimgomea. Akasema, "Shemeji, mimi leo siwezi. Nisaidie." Mlima ulifikiri kidogo, kisha ukalala. Ulilala kwa ubavu wa kushoto, polepole, ili maziwa yasimwagike, naye akapita juu yake kama anapita uwanjani. Alipokwisha kupita ukainuka. Kesho yake aliusalimia na kuuliza hali yake, ukalala tena, na tangu hapo ikawa hivyo, kwenda na kurudi. Wafugaji walijua, Muuguzi alijua, na walichosema ni kwamba mashemeji wa namna hiyo siku hizi ni wachache.

Jumamosi saa tatu wanachama kumi na wanne walikuwa tayari chini ya mlima, wamevaa nguo za kubana hata ukaona nani alikunywa chai mara mbili. Daktari wa meno, ambaye ndiye Katibu, alikuwa na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo. Mama Maziwa alifika akitoka zahanati na madumu matupu, akawaamkia wote, kisha akaugeukia mlima.

"Habari za tangu alfajiri, shemeji. Leo nina wageni."

Mlima ukalala. Walivuka wote kumi na watano kwa dakika nne, nyasi zikiwapapasa miguu. Ng'ambo ya pili walishuka, wakageuka nyuma, wakautazama ukiinuka na kujikung'uta vumbi.

Hakuna aliyeuliza mlima unalalaje. Walikuwa watu wa shughuli zao, na walijua kwamba jambo lolote linawezekana ukiwa na mtu wako ndani. Kilichowauma kilikuwa kingine.

"Mapigo yangu hayajafika hata tisini," Katibu alisema, akiwapitishia saa kila mmoja ajionee.

"Miguu haiumi kabisa," alisema mke wa wakili, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

"Mama," Mkurugenzi alisema, kwa upole ule aliowawekea wateja ambao hatawalipa, "sisi hapa tunakuja kuteseka."

"Poleni, baba."

"Hapana, hujanielewa. Tunataka kuteseka."

Mama Maziwa alilifikiria hilo. "Basi mnibebee maziwa," alisema.

Wakacheka sana, wakamwambia ana utani mzuri. Yeye hakuwa anatania.

Jumapili chama kilikaa kikao, na Jumatatu Karani wa halmashauri akampelekea barua yenye mhuri. Karani huyo alikua kwa maziwa ya mama huyuhuyu, kwa hiyo aliikabidhi shingo upande. Barua ilisema kwamba mtumiaji yeyote atakayepunguza mwinuko wa njia iliyokodishwa, kwa kuomba, kwa kusalimia au kwa namna nyingine yoyote, haruhusiwi kuikanyaga.

"Hata kuusalimia?" Mama Maziwa aliuliza.

"Imeandikwa hapo, mama. Mstari wa nne."

"Na nikipita kimya?"

"Ulipita kimya jana jioni. Wamesema ukalala vilevile."

Hilo lilikuwa kweli. Mama Maziwa akatia saini.

Siku iliyofuata alizunguka barabarani. Muuguzi alichota maziwa kwa kijiko, akaonja, akayarudisha. Jumatano yalifika yamekatika tena, na watoto wodini wakanywa chai kavu. Hilo lilimuuma Mama Maziwa kuliko hasara yenyewe. Akaenda kwa Fundi, akaketi juu ya tairi, akasimulia. Fundi alifungua kopo la rangi, akachagua gia tano zilizokuwa za Mkurugenzi, akazifunga kwenye baiskeli nyeusi.

Mama Maziwa akaijaribu barabarani, akapanda kile kilima kidogo cha soko na kurudi. "Kumbe ndivyo watu wanavyoishi," alisema.

Aliipenda gia ya pili kuliko zote. Kwa gia hizo safari ilipungua ikawa saa moja na dakika kumi, na maziwa yakawa yanakatika upande mmoja tu, dumu lililopigwa na jua. Muuguzi akamwambia, "Dada, nipe mpaka Jumatatu. Wakubwa wanauliza. Nitawapiga danadana mpaka Jumatatu."

Mlima nao ulikuwa unasubiri. Jumanne haukumwona shemeji yake, Jumatano haukumwona, na Alhamisi jioni ulinyanyuka ukaenda kumtafuta. Ijumaa asubuhi Mama Maziwa aliukuta barabarani, umejilaza palepale penye mashimo mabaya zaidi, umeyafunika yote. Akashuka kwenye baiskeli.

"Shemeji, utaniponza," alisema. Lakini alipita, na siku hiyo maziwa yalifika mazima, madumu yote mawili. Watoto wakanywa. Dereva mmoja wa lori alitoa habari kwamba hatimaye serikali imetengeneza barabara.

Jumamosi Chama cha Gia Moja kilifika njiani kikakuta uwanja. Pale ulipokuwa mlima palikuwa na nyasi za manjano na kiatu kimoja cha zamani. Wakili alisema huo ni wizi. Katibu alisema ni utoro. Mkurugenzi, ambaye hakuwa mkurugenzi kwa bahati, alisema tatizo hapo ni la ajira.

Jumatatu, kabla Muuguzi hajamaliza danadana zake, Mkurugenzi alikwenda kwa Mama Maziwa kwa gari, akapewa kiti, akakaa. Alimpa kazi. Angekaa chini ya mlima, upande wa mjini, kutoka saa mbili mpaka saa kumi, kila siku. Mlima ungerudi kwa kuwa yeye yupo. Sharti lilikuwa moja, asiusemeshe na asikanyage pedeli, na chama kingeuzoesha mlima kusimama hata akiwa karibu.

"Na maziwa ya watoto?"

"Zahanati tumeshaongea nayo. Kampuni inaleta ya unga, kopo lina nembo yetu."

"Na njia yangu?"

"Njia ni ileile, mama. Wewe ndiye uliyepandishwa cheo."

Mama Maziwa aliwaza ada ya mwaka mmoja uliobaki. Aliwaza goti lake lililoanza kuchoka, wafugaji, jua la barabarani, na Muuguzi ambaye asingeweza kuwadanganya wakubwa wiki ya pili. Akasema sawa.

Baiskeli waliichukua wakaitundika ukutani kwenye ukumbi wa chama, chini ya taa yake peke yake. Kwanza, hata hivyo, waliipeleka kwa Fundi aing'oe gia zile tano, maana ziliharibu asili yake. Fundi alizing'oa, akazifuta kwa kitambaa, akazirudisha kwenye kopo la rangi.

Mlima ulirudi usiku wa kuamkia Jumatano, ukakaa mahali pake. Siku za mwanzo ulitetemeka kila Mama Maziwa alipokohoa, na Katibu aliandika hivyo kwenye daftari, kisha ukazoea. Chama kilifika wanachama sitini. Walipita mbele ya kiti chake wakihema, nyuso zimewaiva, wamesimama juu ya pedeli, na ukweli usemwe, walikuwa na furaha ambayo mtu haiigizi. Siku moja Mkurugenzi alisimama kando yake kutafuta pumzi.

"Mama," alisema alipoipata, "miaka ishirini na miwili, na hukuwahi kuupanda hata mara moja. Umekosa raha kubwa sana."

"Nimeikosa kweli, bosi," alisema Mama Maziwa, akamshikia chupa ya maji.

Saa kumi alikunja mwavuli, akakunja kiti, akavua kizibao chenye nembo, akaanza safari ya nyumbani kwa miguu. Mkataba ulisema mwinuko ubaki vilevile hata baada ya saa za kazi, na Katibu alikuwa na kifaa cha kuupima. Alipofika katikati, goti likakataa. Akasimama. Chini ya viatu vyake akahisi ardhi inalegea na kuanza kuinama taratibu upande wa kushoto, kwa uangalifu uleule wa zamani, kama vile alikuwa bado amebeba maziwa.

Mama Maziwa aliinama akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Simama, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Tutafukuzwa wote wawili."

Mlima ukasimama. Naye akashika goti lake, akaendelea kupanda.