Mstari Mwekundu Ubavuni mwa Ndege

Mume alikuwa rubani wa ndege ndogo za mizigo mpaka maradhi ya macho yalipomtia gizani. Tangu hapo aliisimulia ndege yake kama mtu anayemkumbuka marehemu. Dada wa mume, fundi wa meno ya bandia, alizisikiliza hadithi hizo zote. Siku moja akaja na boksi la vipande vya plastiki vya kuunda mfano wa ndege ile, akamwomba wifi yake kona ya meza ya jikoni.

Mke alidhani ni mchezo wa kitoto. Lakini alivyozidi kutazama ndivyo alivyozidi kushika mdomo. Wifi aliviosha vipande kwa maji ya sabuni kwanza, maana plastiki yenye mafuta huikataa rangi. Gundi aliitia kwa ncha ya kijiti, akisema gundi ni kama chumvi, ikizidi haitoki. Maungio akayasugua kwa msasa laini mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Kisha rangi, tabaka jembamba, likauke, ndipo jingine.

Mke uvumilivu ukamwisha. "Wifi, rangi ya nini kwa mtu asiyeona?"

"Ataniuliza."

Mstari mwekundu wa ubavuni ndio uliomtoa jasho. Rangi ilipenya chini ya utepe aliobandika kuizuia isivuke mstari, ikatambaa kama mizizi. Nani angejua? Wifi akaufuta wote, akabandika utepe upya, akapitisha kwanza nyeupe ya chini ukingoni ili izibe upenyo, ndipo akapaka nyekundu. Alipoubandua utepe, mke alijikuta amebana pumzi.

Jumapili wakamwekea mwenyewe ndege hiyo mapajani. Vidole vyake vikaanzia puani, vikatambaa mgongoni hadi mkiani, vikarudi mabawani. Kwenye bawa la kushoto vikasimama. Palikuwa na kibonyeo kidogo. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Na ule mlingoti niliougonga kwa bawa hili hukuusahau!"

Kisha akapapasa ubavuni. "Mstari mwekundu je?"

"Upo, kaka."

"Umenyooka?"

Dada mtu alifungua kinywa, lakini mke akamtangulia. "Umenyooka kama uzi, mume wangu. Wa kwanza ulipinda, akaufuta. Niliona kwa macho yangu."

Mume akaupapasa mkono wa dada yake, akaushika, asiuachie. Kisha akamgeukia mkewe, akamwomba amweleze ndege nzima, rangi kwa rangi. Mke akavuta kiti, akaanzia puani.